Jumamosi Ambayo Mama Firmin Hakufua

Pale Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, ukitaka kugombana na Henriette, usihangaike kumtukania mama yake. Mwambie tu kwamba nguo yake moja kwenye kamba ina doa. Mama mmoja wa barabara ya pili alithubutu, asubuhi moja kwenye foleni ya bomba, na kabla hajamaliza kicheko chake beseni la bati lilikuwa limeshatua kwenye paji lake la uso. Damu ikamwagika. Henriette akamfunga kitambaa, akamsindikiza mpaka mlangoni kwake, na njia nzima akawa anamtukana. Ndivyo alivyokuwa mama yule, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Lakini tuseme ukweli, nani asingekuwa mkali? Alikuwa mfanyakazi wa maternité, hospitali ya wazazi. Kutwa nzima anapiga deki, anabeba mabeseni, anafua mashuka ya wanawake waliojifungua. Akitoka hapo, nyumbani wanamngoja watu wanne wenye nguo chafu: Damas, mumewe, mtu wa kiwanda cha asidi; Firmin, mwanawe wa kwanza, kijana mzima aliyemaliza shule na kukosa kazi; Clémentine, msichana wa miaka kumi na miwili; na Barnabé, ambaye kwake tope na chakula vilikuwa kitu kimoja. Maji ya bomba yanakuja alfajiri, jua likipanda yamekatika. Mwanamke mwingine angeacha nguo zilundikane mpaka Jumamosi. Henriette hapana! Alifua kabla ya kazi na baada ya kazi, alifua na homa, alifua na mimba za miezi tisa. "Kwangu uchafu hailale," ndilo lilikuwa neno lake, na mtaa mzima ulilijua. Watoto walimwigiza akipita, kisha wanatimua mbio.

Nguo za Damas zilikuwa na sheria zao. Asidi ya kiwandani huingia kwenye kitambaa ikanyamaza. Nguo ikikauka huoni kitu. Iloweshe kidogo tu, inaamka na kuuma. Kwa hiyo zilikuwa na beseni lao, zinapitishwa kwanza kwenye maji ya majivu, halafu sabuni, na zinatundikwa mwisho kabisa wa kamba, mbali na nguo za watoto. Aliyezishika ovyo aliamka na malengelenge.

Kamba yenyewe ilikuwa ya nyumba mbili. Upande mmoja ilifungwa kwenye nguzo ya Henriette, upande wa pili kwenye ukuta wa jiko la Rosalie, mama Élise, jirani yake wa kuchangia ua. Rosalie aliuza maandazi asubuhi, na wale wanawake wawili walikuwa wamepatana: Henriette akiwa zamu ya alfajiri, Rosalie anafulia nyumba zote mbili, Rosalie akiwa sokoni, Henriette anafua zote. Soksi za Barnabé zililala kwa Germain, mume wa Rosalie, na kaptura za Germain zililala kwa Damas, na hakuna aliyeona ajabu. Germain alikuwa fundi umeme. Babu yake alitoka mkoa wa Kasai zamani, akaja kujenga reli. Germain mwenyewe Kasai hakuijua hata kwa picha.

Mara moja tu waligombana kweli. Rosalie, kwa haraka zake, alichanganya ovaroli la Damas na shati jeupe la komunyo ya kwanza la Firmin. Shati likatoka na matundu kama limeliwa na panya. Yesu Maria! Henriette alimkimbiza Rosalie na mti wa kukorogea ugali kuzunguka ua wote, mbele ya watu, Rosalie akipiga kelele, "Mama Firmin, unanisamehe! Utaniua juu ya shati!" Wakanuniana wiki nzima. Mwisho Rosalie akaleta maandazi, Henriette akala, wakacheka mpaka machozi. Firmin alipokea komunyo na shati lenye viraka mgongoni. Viraka hivyo Rosalie ndiye aliyevishona.

Kisha ikaja ile miezi ya mwaka wa tisini na mbili. Mobutu bado yuko, mishahara ya kampuni ya migodi inakuja ikijisikia kuja, na wakubwa wa mkoa wanasema mikutanoni kwamba mkosi wote huu umeletwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Watu waliozaliwa Likasi, waliobatizwa Likasi, wakaanza kuulizwa kwao ni wapi. Vijana wasio na kazi wakakusanywa, wakapewa bia na vitambaa vyekundu vya kufunga kichwani. Firmin naye akarudi siku moja na kitambaa hicho.

Henriette alikiona kwenye beseni, kimeingia pamoja na nguo za shule. Kilikuwa kimechuja, na mashati yote meupe yamegeuka rangi ya waridi. Alimfuata Firmin mezani akamzaba kofi, kijiko kikaruka.

"Nani alikuambia utie hii kintu mu manguo ya batoto?"

"Mama, ile ni kitambaa ya kazi."

"Kazi gani? Ya kupiga bantu mu manyumba yabo?"

Firmin alijifuta mdomo. "Weye unafula tu, mama. Mambo ya inchi haujue."

Kofi la pili lilikuwa zito zaidi, lakini halikusaidia kitu. Kijana alichukua kitambaa chake kikiwa bado kinadondosha maji, akajifunga kichwani, akatoka.

Siku ya Ijumaa walifika barabara yao. Henriette alikuwa ametoka kazini, bado amevaa bluzi ya maternité. Alisikia filimbi kwanza, halafu vioo vikivunjika. Walikuja na mapanga, nondo, na madumu ya petroli. Paa la Rosalie lilishika moto kabla mwenyewe hajaelewa ni nini. Walimtoa kwa nywele. Walimpiga kwa mpira wa gari mgongoni na kwenye matiti, maandazi yake yakikanyagwa kwenye vumbi, na wakamsukuma kwenye kundi la wengine waliokuwa wanaswagwa kwenda gare, stesheni ya treni. Germain hakuwepo. Alikuwa kazini, na wengine walikuwa wameshamfuata huko.

Mtoto wao Élise, wa miaka sita, alikuwa kwenye kamba. Mama yake alikuwa amemtuma kuanua nguo. Alisimama pale na rundo la nguo mikononi, moto ukiwaka nyuma yake, wala hakulia. Henriette hakufikiri. Alimbeba yeye na nguo zake zote kwa pamoja, akaingia naye chumba cha nyuma, akamlaza chini sakafuni, akamwaga juu yake kapu la nguo chafu.

"Hapa usisogee. Usilie. Hata ukisikia sauti yangu ninalia mi mwenyewe, weye usilie."

"Ndiyo, Mama Firmin," sauti ikatoka chini ya nguo.

Tangu hapo hesabu ya Henriette ilikuwa moja tu: mtoto huyu afike kwa mama yake akiwa hai. Barabara zote zilikuwa na vizuizi. Jumamosi alikwenda kazini, maana asiyekwenda kazini anaulizwa sababu, akamwachia Clémentine ulinzi. Kila mlango ulipogongwa au kusukumwa, Élise alizama kwenye lundo. Na ili lundo limfunike, Henriette hakufua. Kweli ya Mungu, hakufua! Jumamosi maji yalikuja, bomba likamwagika, wanawake wakapanga foleni, na yeye akapita na mikono mitupu. Alitupa mashuka juu ya lundo, akatupa mapazia, na Jumamosi jioni Damas aliporudi, akamvua ovaroli na koti la kiwanda, akayaweka juu kabisa. "Hakuna mwenye atagusa ya asidi," alimwambia. Damas aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku zile hata hayo machache yalikuwa yamemwishia.

Henriette alijiona mjanja. Kumbe ndipo alipokosea. Mtu mwingine angeweza kuwa na lundo la nguo chafu nyumbani na asiulizwe na yeyote. Yeye hakuweza.

Jumapili, watu wakitoka misa, Damas akiwa zamu na ovaroli la kuazima kwa sababu tanuri za kiwanda hazijui Jumapili, Firmin aliingia. Hakuwa ameonekana tangu Alhamisi. Macho yamevimba, ananuka pombe na moshi, na shati lake, kifuani mpaka mikononi, lilikuwa limekauka damu ikawa ngumu kama gamba. Alilivua akamtupia mama yake miguuni.

"Mama, unifulie."

Henriette alilitazama shati. Aliwahi kuona damu nyingi maishani, kazi yake ilikuwa damu, na alijua hii si ya mkwaruzo. Kabla hajafungua mdomo, mlango ulisukumwa wakaingia vijana watano wenye vitambaa vyekundu. Mbele yao Symphorien, mkubwa wao, mtoto wa barabara ya tatu, na nondo iliyochongwa ncha mkononi.

"Mama Firmin, jambo."

"Kwangu bantu banapigaka hodi."

"Kuko mutoto moya wa Germain, ku gare hayuko. Bantu banasema Vendredi, ile siku ya moto, alikuwa ku kamba yako." Alikuwa anazungumza huku anatembea, anachungulia chini ya kitanda, nyuma ya pipa, mpaka akafika chumba cha nyuma. Hapo alisimama. Akacheka polepole. "Mama Firmin. Kikula muzima inajua: kwako uchafu hailale. Sasa hii mulima ni ya nini?"

Barnabé alijificha kwenye sketi ya dada yake.

Symphorien akageuka kwa Firmin. "Weye ni mwana wa hii nyumba. Tuambie. Mama yako alishaka kuacha manguo hivi?"

Firmin alilitazama lundo. Alimjua mama yake. Alikuwa amelala kwenye harufu ya sabuni yake tangu kuzaliwa, na papo hapo alijua kuna nini mle chini. Henriette alimwona akijua. Mama na mwana wakatazamana, na yule mama, aliyemzaa, aliyemnyonyesha, hakuwa na hakika hata kidogo kijana angesema nini.

"Ni manguo ya papa," Firmin akasema. "Ya asidi. Mama iko mugonjwa, hakufula. Usiiguse, chef, itakuunguza."

"Asidi?" Symphorien akainua nondo. "Nondo haiunguake."

Akaichoma ndani ya lundo. Akaichomoa, akachoma tena, upande wa pili, kwa nguvu, kitambaa kikalia kwa kupasuka. Lundo halikutoa sauti. Akainua mara ya tatu, katikati kabisa.

Hapo Henriette alipasuka. Alimrukia, akamnasa kofi lililosikika mpaka barabarani.

"Combinaison ya bwana yangu! Unaipasula? Ni weye utamuvalisha kesho ku kazi? Mushenzi weye! Mama yako alikuzalaka mu mikono yangu! Mi njo nilifulaka mashuka yake, na weye mwenyewe nilikufula, ulikuwa mavi kichwa mpaka miguu! Leo unakuja kunipasulia manguo?"

Walimpiga. Nondo ilimshukia mkono wa kushoto na mfupa ukalia, kila mtu chumbani aliusikia. Alianguka, wakampiga mateke mbavuni na mdomoni, jino likatoka, na yeye, pale sakafuni, damu inamtoka puani, akaendelea kutukana juu ya lile ovaroli. Ovaroli, ovaroli, nani atalishona, uzi uko wapi. Firmin alisimama ukutani bila shati. Hakumpiga. Hakumtetea pia.

Mwishowe mmoja akaanza kucheka. "Chef, acha. Ule mama iko wazimu ya manguo, tangu zamani." Na wengine wakacheka, maana kila mmoja wao aliwahi kumwigiza akipita. Symphorien naye akacheka, huku anashika shavu lake. Akamtemea mate, wakatoka.

Clémentine ndiye aliyefukua lundo. Nondo ilikuwa imempitia Élise pajani, imechana nyama na kutoka. Damu ilikuwa imelowesha mashuka. Hai alikuwa hai. Lakini mdomo wake! Ili asilie, mtoto alikuwa ameng'ata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, mkono wa koti la Damas uliokuwa umeteremka mpaka usoni pake, akaung'ata kwa nguvu zake zote, na mate yake yakaamsha asidi. Midomo ilikuwa imebabuka, ulimi umeota malengelenge. Alikuwa ameungua muda wote ule, kimya, kwa sababu aliambiwa asilie.

Henriette alitambaa mpaka kwenye ndoo. Kwa mkono mmoja alimwosha mdomo, maji baada ya maji, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, yeye aliyekuwa hajalia kwa mfupa uliovunjika. Jumamosi moja ya kutofua. Koti lile angelifua kama kawaida yake, lisingemchoma mtu. Lakini bila hofu ya asidi, Symphorien angelifukua lundo lote kwa mikono. Alilia kwa hasira, hajui amkasirikie nani.

Kisha akageuka. "Firmin. Ile damu ku shati yako ni ya nani?"

Kijana alitazama chini.

"Ninakuuliza!"

"Mi sikumupiga, mama. Naapa. Nilimushikilia tu mikono."

"Nani?"

Macho yake yalikwenda yenyewe kwa Élise, na Henriette akaelewa. Germain, aliyekuwa akimrekebishia redio. Germain, ambaye mke wake alishona viraka vya komunyo. Alimwendea Firmin, akampiga kwa mkono uliobaki, kwenye uso, kwenye shingo, popote, mpaka kijana akapiga magoti na kuziba kichwa. Hakukimbia. Akaendelea mpaka mkono ukamchoka.

Alasiri Damas aliporudi alimkuta mkewe amefunga mkono kwa kipande cha shuka na amevaa bluzi ya kazi. Walimlaza Élise kwenye toroli, wakamfunika na mashuka yenye damu, Damas akasukuma, Henriette mbele. Kwenye kizuizi cha kwanza kijana mmoja akauliza kuna nini humo. "Mashuka ya maternité," Henriette akasema. "Damu ya kuzala. Unataka kuifungua?" Kijana akarudi nyuma akiziba pua. Kwenye vizuizi vingine hawakuuliza.

Gare ilikuwa imejaa watu mpaka kwenye reli, na magodoro, na masufuria, na watoto wanaoharisha. Rosalie alikuwa amekaa juu ya mawe karibu na behewa bovu, mgongo haugusiki. Alimpokea mwanawe bila kelele. Alimpapasa kichwa, mikono, paja, kisha akaona mdomo.

"Nini hii?"

"Asidi ya Damas. Aling'ata koti. Sikuifula."

Rosalie alimtazama kama hakusikia vizuri. "Weye? Weye, Mama Firmin, haukufula?" Na akacheka, kicheko kibaya kilichovunjika katikati kikageuka kilio, na wote wawili wakashikana pale kwenye mawe. Baadaye akauliza, "Papa Élise, ulimuona?"

"Amekufa, Mama Élise."

Rosalie alimvuta mwanawe kifuani. "Nani?"

Henriette alikuwa na jibu. Mwanamke ambaye hajawahi kunyamazia doa la nguo alimtazama rafiki yake machoni, akanyamaza. Akasema tu atarudi kesho kuchukua nguo zao chafu azifue, na kesho yake akarudi, kwa mkono mmoja, na siku nyingine nyingi, mpaka treni ilipowachukua. Rosalie hakuuliza tena. Pengine alishajua.

Lakini jioni ile ya Jumapili, walipofika nyumbani, Firmin alikuwa uani. Alikuwa amewasha moto. Lile shati alikuwa ameliweka kwenye beseni, na maji kwenye sufuria yalikuwa yanachemka, mvuke unapanda. Uso wake ulikuwa umevimba kwa vipigo vya mama yake. Alipomwona alianza kulia.

"Nitaifula mi mwenyewe, mama. Nitaifula yote itoke."

Kila mtu anayefanya kazi maternité anajua kwamba damu inafuliwa kwa maji ya baridi. Ukiimwagia maji ya moto inaiva ndani ya uzi, na hapo hata ufe na sabuni haitoki tena. Henriette alikuwa amewafokea wasichana wangapi kazini kwa kosa hilo! Alisimama mlangoni, mkono umefungwa kifuani, akamwangalia mwanawe akiinua sufuria kwa matambara mawili. Clémentine alifungua mdomo kusema. Henriette akamziba kwa kiganja.

Firmin akamimina maji yote. Mama yake akaangalia mpaka mvuke ulipokwisha, kisha akaingia ndani, akachukua ovaroli la Damas, akaanza kutafuta uzi.